Maswali ya Wasomaji: Miaka Saba Kabla ya Dookie

Toleo lililopita tuligusia Green Day, bendi ya punk ya Marekani iliyotoa albamu ya Dookie, kwa mistari michache tu, katika makala ya magitaa. Tangu hapo ujumbe umemiminika kutoka Mwanza na visiwani. Tumechagua maswali yanayobeba mengine, na safari hii ukurasa mzima ni wa bendi hiyo na wa vijana wanaotaka kupiga kama wao.

Mhariri, shikamoo. Kaka yangu anabisha kwamba Green Day waliibuka ghafla 1994: wimbo mmoja kwenye televisheni, basi, wakawa matajiri. Mimi nakataa. Tuamulie. (Msomaji, Kirumba)

Marahaba. Ushindi ni wako. Mwaka 1994 dunia ndiyo iliyowasikia, wenyewe walikuwa kazini tangu 1987.

Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa, na Mike Dirnt, mpiga besi, wote wa kuzaliwa 1972, walijuana utotoni wakiwa na umri wa miaka kama kumi, upande wa Rodeo, mji mdogo wa California wenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Baba yake Billie Joe alikuwa dereva wa lori na mwanamuziki wa jazi, alifariki 1982. Mama alikuwa mhudumu wa mgahawa, na onyesho la kwanza la bendi lilifanyika katika mgahawa huohuo aliokuwa akifanyia kazi, mjini Vallejo. Wakati huo walijiita Sweet Children.

Mtu wa kumkumbuka hapa ni Larry Livermore, mwenye lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa rekodi za muziki, iitwayo Lookout! Records. Aliwaona wakipiga milimani kaskazini mwa California, kwenye nyumba iliyokuwa ikitumia jenereta, mbele ya vijana wachache mno, na wakapiga kwa nguvu zote kana kwamba uwanja umejaa. Akaamua palepale kuwarekodi. Santuri yao fupi ya kwanza, 1,000 Hours, ilitoka 1989, na ndipo walipobadili jina kuwa Green Day, kwa sababu eneo lile lilikuwa na bendi nyingine yenye jina la kukaribiana na lao. Albamu ya kwanza, 39/Smooth, ikatoka 1990. Mwaka huohuo mpiga dramu John Kiffmeyer akaondoka, nafasi yake akaichukua Tré Cool, kijana aliyeanza kupiga dramu katika bendi ya Livermore mwenyewe akiwa na miaka 12. Pamoja naye wakatengeneza albamu ya pili, Kerplunk.

Miaka hiyo walizunguka Marekani kwa gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembeza vitabu. Baba yake Tré ndiye aliyelikarabati na kuliendesha. Walipiga kumbi ndogo usiku baada ya usiku, na hapo ndipo mikono ilipokomaa. Walipoingia studio za Fantasy mjini Berkeley 1993 na mtayarishaji Rob Cavallo, kurekodi kulichukua takriban wiki tatu tu. Unajua kwa nini? Nyimbo zilikuwa zimekwishaiva. Mchanganyo wa kwanza wa sauti haukuwaridhisha, wakaurudia na fundi Jerry Finn. Dookie ikatoka tarehe 1 Februari 1994, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, na 1995 ikachukua Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Mwambie kaka yako kwamba hata video ya Longview, aliyoiona kwenye televisheni, ilipigwa katika chumba cha chini ya nyumba walimokuwa wakiishi.

Nimesoma kwamba mashabiki wao wa mwanzo waliwaita wasaliti, hata wakazuiwa kwenye ukumbi uliowalea. Walikosa nini? Na sisi bendi changa tukifuatwa na lebo tukatae? (Mwanafunzi, Malimbe)

Ukumbi huo ni 924 Gilman Street, Berkeley, uliofunguliwa 31 Desemba 1986. Unaendeshwa na watu wa kujitolea, hauuzi pombe, unapokea watu wa rika zote, na sheria zake zinakataza bendi za kibaguzi. Wakati huo zilikataza pia bendi zenye mkataba na lebo kubwa. Green Day walisaini na Reprise, lebo iliyo chini ya Warner, mwaka 1993, kwa hiyo mlango ukafungwa. Ilikuwa sheria ya wote, haikuwa kisasi kwao. Iliwauma sana, na Billie Joe aliiandikia nyimbo. Walirudi kupiga pale Mei 2015, katika onyesho la kuchangisha fedha.

Tunaona pande zote mbili zilikuwa na haki. Ukumbi ulilinda mahali pa wanaoanza, bendi nayo ilikuwa imekua kuliko chombo chake.

Kuhusu nyinyi, msikatae wala msikubali kabla ya kusoma mkataba. Angalieni nani atamiliki rekodi mama, yaani ile iliyotoka studio kabla ya kunakiliwa, kwa miaka mingapi, na katika nchi zipi. Angalieni pia kama fedha ya utangulizi itakatwa kwenye mauzo, maana ikikatwa huo ni mkopo. Udugu hautoshi. Mwaka 2005 Green Day wenyewe waliondoa albamu zao za mwanzo kutoka Lookout!, lebo iliyowaibua, kwa sababu ya mirabaha isiyolipwa. Waliweza kuziondoa kwa kuwa haki ya kufanya hivyo ilikuwa mikononi mwao. Jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na nyimbo mzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hamjazipeleka kwa mtu yeyote.

Nina gitaa la umeme na amplifaya ndogo. Nikijaribu Basket Case, wimbo wa Dookie, sauti inakuwa uji mtupu, haisikiki kodi (noti zinazopigwa pamoja) wala nini. Tatizo ni gitaa? (Msomaji, Nyegezi)

Gitaa halina kosa. Karibu kila anayetuandikia juu ya uji huu ana makosa matatu yaleyale.

La kwanza: unapiga kodi kamili za nyuzi sita juu ya sauti iliyokwaruzwa. Mkwaruzo huzaa sauti nyingine juu ya kila noti. Noti ya msingi na ya tano yake kwenye ngazi ya sauti hupatana, kwa sababu mitetemo yao inakwenda kwa uwiano wa 2 kwa 3, hivyo sauti zinazozaliwa hukutana vizuri. Ukiongeza noti ya tatu ya ngazi hiyo, ambayo uwiano wake ni mgumu zaidi, zinagongana na kuvuruga kila kitu. Kwa hiyo tumia kodi ya noti mbili. Kidole cha shahada kwenye noti ya msingi, kidole cha pete kwenye waya unaofuata kuelekea nyuzi nyembamba, freti (vile vichuma vinavyokata shingo) mbili mbele. Kidole kidogo ukitaka kinakaa freti hiyohiyo kwenye waya unaofuata tena. Nyuzi zilizobaki zizibe kwa ubapa wa shahada, zisilie.

Wimbo wenyewe umerekodiwa gitaa likiwa limeshushwa nusu sauti. Shusha nyuzi zote, kisha piga noti za msingi hivi, waya wa sita ukiwa ule mnene kabisa: waya wa 5 freti 7, waya wa 6 freti 7, waya wa 5 freti 4, waya wa 6 freti 4, waya wa 6 freti 5, waya wa 5 freti 7, na mwisho waya wa 6 freti 7, hapo unakaa mara mbili. Jumla ni vipimo nane, kisha unarudi mwanzo. Sasa tazama mkono wako: unapanda na kushuka freti 3 tu. Huo ndio ufundi wa Billie Joe, wimbo wa dunia nzima ndani ya nafasi ya kiganja.

La pili ni geini, kitufe cha amplifaya kinachoongeza mkwaruzo. Vijana wengi huizungusha hadi mwisho. Irudishe kwenye 5 au 6, besi 4, sauti ya kati 6, kali 6. Sauti ya kati ndiyo inayobeba gitaa mbele ya dramu. Ukiipunguza, chumbani utafurahi, ukumbini utapotea. Chagua sumaku ya kunasa sauti iliyo karibu na daraja. Gitaa maarufu la Billie Joe, lile la buluu lililojaa vibandiko alilonunuliwa na mama yake, limefungwa hapo sumaku ya Seymour Duncan JB, na ndiyo anayoitumia.

La tatu ni mkono wa kulia. Ubavu wa kiganja ulale juu ya nyuzi, pale hasa zinapotoka kwenye daraja. Ukisogea sentimita 1 mbele zinakufa kabisa, ukirudi nyuma zinalia ovyo. Piga kwa kushuka tu, piki (kibao cha kupigia nyuzi) ikitokeza milimita 3 hivi kati ya vidole. Ubeti wa kwanza ni gitaa lililozibwa na sauti ya mwimbaji tu. Wengine wakiingia, inua kiganja uachie nyuzi. Tofauti hiyo ya kuziba na kuachia ndiyo inayomfanya msikilizaji aruke. Geini haiwezi kuileta.

Mimi ni mpiga dramu. Nikifika katikati ya wimbo mkono wa kulia unakufa ganzi. (Msomaji, Igoma)

Unabana fimbo. Wimbo kama Basket Case unafika karibu mapigo 170 kwa dakika, na ukipiga haihati, yale matoazi mawili ya mguu, mara mbili kwa kila pigo ni karibu mara 6 kwa sekunde. Hakuna mkono unaoweza kuinua fimbo mara zote hizo kwa nguvu ya msuli. Ishike kati ya dole gumba na shahada, vidole vingine viisindikize tu, uache toazi liirudishe lenyewe. Anza na metronomu ya simu (kihesabu mapigo) kwenye 120, dakika tano bila kusimama. Usipande 125 mpaka mkono utoke mlegevu. Mkiwa bendi, wimbo ukianza kukimbia, mara nyingi mguu wa besi ndio unaotangulia. Jirekodi kwa simu usikilize.

Huku Nansio gitaa langu halikai sawa hata saa moja, na nyuzi zinapata kutu haraka. Ni hewa ya ziwa? (Msomaji, Ukerewe)

Kutu ndiyo, unyevu na jasho vinachangia. Futa kila waya kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza, juu na chini yake, na weka ndani ya begi vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usilitundike karibu na bati, joto la mchana hupinda shingo.

Kutokukaa sawa ni jambo jingine, na mara nyingi linatokana na namna ulivyofunga nyuzi. Zizungushe mara mbili au tatu kwenye kigingi, zikishuka kwenda chini, zisipandane. Waya mpya uvute taratibu kwa vidole, utuni tena, rudia mara nne hivi hadi uache kushuka. Chora kwa penseli laini ndani ya vile vijifereji ambamo nyuzi hupita juu ya shingo. Unga wake hulainisha, waya hautakwama. Na ukituni, fikia noti kutoka chini. Umepitiliza? Shuka chini yake, upande tena. Kama umeshusha nusu sauti, badili nyuzi za unene wa 9 ziwe za 10, zile za 9 zinalegea mno.

Baada ya Dookie walikwenda wapi? Mbona watu huruka moja kwa moja hadi American Idiot? (Msomaji, Bukoba)

Agosti 1994 walipiga kwenye tamasha la Woodstock, watu wakawarushia matope hadi onyesho likakatika, na mlinzi aliyemdhania Mike kuwa shabiki akamvunja meno. Albamu ya Insomniac ya 1995 ilikuwa ngumu zaidi. Nimrod ya 1997 ikaleta wimbo Good Riddance, gitaa kavu na vinanda vya nyuzi. Warning ya 2000 ikauza kidogo kuliko zote zilizotangulia pale Reprise. Tunaipenda Warning, tunaamini haikutendewa haki.

Kisha mwaka 2003 rekodi mama za albamu waliyokuwa wakikaribia kuimaliza ziliibwa. Badala ya kuzirekodi upya, walijiuliza kama kweli ilikuwa kazi yao bora. Jibu lilikuwa hapana. Wakaanza upya na kuandika American Idiot, iliyotoka Septemba 2004, hadithi moja toka mwanzo hadi mwisho. Jesus of Suburbia ndani yake ina sehemu tano na inazidi dakika 9, bendi ileile ya nyimbo za dakika tatu. Ilichukua Grammy ya albamu bora ya roki 2005, na 2006 wimbo wake Boulevard of Broken Dreams ukachukua Grammy ya rekodi ya mwaka. Mwaka 2010 American Idiot ikawa tamthilia ya muziki Broadway, New York, na 2015 bendi ikaingizwa Rock and Roll Hall of Fame. Albamu ya Saviors ilitoka 2024, watatu walewale.

Tunataka kufanya onyesho kwenye ukumbi wa watu kama 120 hapa Mabatini. Spika za ukubwa gani, na jenereta umeme ukikatika? (Bendi ya vijana wanne)

Spika mbili za wati 300 hadi 500 za kudumu zinatosha, mradi mpitishe humo sauti za kuimba na mguu wa dramu tu. Amplifaya za gitaa na besi zijisikike zenyewe. Ziinueni, msiziweke sakafuni, maana sauti itaishia miguuni mwa watu wa mbele.

Maiki ikipiga mluzi, msikimbilie kupunguza kila kitu. Kwanza tazameni imekaa wapi: spika kubwa ziwe mbele ya maiki, zikitazama watu. Mwimbaji asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, hiyo pekee inatosha kuamsha mluzi. Ukiendelea, punguzeni spika ya jukwaani, kisha sauti kali kwenye miksa. Jaribuni kwa mpangilio: dramu, besi, gitaa, sauti. Dramu haina kitufe cha kupunguza, kwa hiyo wengine wote wanapimwa kwake.

Kwa jenereta, jumlisheni wati za vyombo vyote, taa zikiwemo, na jumla isizidi asilimia 70 ya uwezo wake. Ya kVA 3 itawatosha. Ikizidiwa, umeme unayumba, amplifaya zinavuma, na miksa inaweza kuungua. Ikae nje kabisa, mita 20 au zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi madirishani. Moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukutahadharisha. Mafuta jazeni ikiwa imezimwa na imepoa. Ukumbi ukirudishiwa umeme katikati ya wimbo, malizeni wimbo kwanza, shusheni miksa hadi sifuri, ndipo mhamishe.