BIOS imekwama katikati? Usikimbilie kununua mazabodi nyingine

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Huwa naletewa kompyuta mpya za namna hii baada ya mwenyewe kujaribu kusasisha BIOS, ile programu ndogo ndani ya chipu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayoiwasha mashine, na akifika kwangu ameshapiga hesabu ya mazabodi nyingine. Ushauri wangu ni mmoja: usitoe hela kabla hujajua umekwama wapi. Inawezekana BIOS bado inajipanga. Inawezekana BIOS ni nzima ila kuna kitu kingine kinagoma. Na inawezekana kweli kilichoandikwa kwenye chipu kimeharibika. Kwa nje hali hizi tatu zinafanana kabisa, lakini tiba zake ni tofauti.

Anza na subira. Kwenye mashine zinazotumia ramu za DDR5, hasa za AM5 (soketi ya prosesa mpya za AMD), baada ya kusasisha BIOS bodi huanza upya kuipima ramu, na muda huo wote skrini haionyeshi chochote. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ukiwa na ramu nyingi inachukua zaidi. Mtu anayezima na kuwasha kila baada ya sekunde 30 anairudisha mwanzo kila mara. Iache. Nenda kanywe chai.

Ikiwa bado kimya, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, kisha irudishe. Acha ramu moja tu, kwenye nafasi ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya grafiksi na si kwenye mazabodi, maana prosesa kama Ryzen 5 5600 haina grafiksi ndani yake. Halafu tazama taa ndogo nne ambazo bodi nyingi za sasa zinazo: CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (grafiksi) na BOOT (diski ya kuwashia). Inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Ikibaki ya DRAM, hangaika na ramu kwanza, BIOS iache.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazuri huwa unawapita. Bodi za B450, zinazotumia prosesa za AMD, zilitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 zikaja Novemba 2020. Bodi iliyokaa dukani ndani ya boksi tangu zamani haiitambui prosesa hiyo mpya, kwa hiyo watu huazima prosesa ya zamani ili waingie kwenye BIOS na kusasisha. Sasa, bodi nyingi za wakati ule zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu. Ili prosesa mpya zienee, watengenezaji waliondoa baadhi ya zile za zamani, hasa A-series, prosesa za AMD za kabla ya Ryzen. Ukiwa umeazima A-series, unasasisha vizuri, mashine inajizima ili iwake upya, hairudi tena. Unadhani umeiua, kumbe BIOS mpya imeshaisahau hiyo prosesa ya kuazima! Weka mpya uone.

Yote hayo yakishindikana, na hasa kama umeme ulikatika katikati ya kazi, basi tukubali kwamba chipu imeharibika. Angalia nyuma ya bodi, karibu na matundu ya USB, kama kuna kitufe cha BIOS, kinachoiandika upya kutoka kwenye flashi. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI wanaandika Flash BIOS, Gigabyte ni Q-Flash Plus. Hiki kinafanya kazi hata bila prosesa wala ramu, mradi pawasaplai imechomekwa kwenye bodi.

Kijana mmoja wa Tabata aliniambia, "Kaka, hicho kitufe nimebonyeza sana, hakifanyi kitu." Kitufe kilikuwa kizima. Flashi yake ilikuwa ya GB 64, imeformatiwa kwa mfumo wa exFAT, na faili lilikuwa bado limefungwa kwenye zip. Kitufe hiki kinataka mfumo wa FAT32, na kwa kawaida Windows haikupi chaguo hilo kwenye dirisha lake la kuformati ikiwa flashi inazidi GB 32, kwa hiyo tafuta flashi ndogo ya zamani. Faili lifunguliwe, lisiwekwe ndani ya folda yoyote, na lipewe jina ambalo bodi inalitafuta: MSI.ROM kwa bodi za MSI, GIGABYTE.bin kwa Gigabyte. ASUS wao huweka kiprogramu cha kubadili jina humo humo kwenye zip. Flashi ichomekwe kwenye tundu lenye alama, si lolote tu. Taa ikianza kupepesa, usiguse chochote mpaka itulie.

Bodi haina kitufe? Nenda kwa fundi wa laptop, si kwa muuza kompyuta. Mafundi wa laptop wanaflashi (wanaandika upya) chipu hizi za BIOS za miguu minane kila siku kwa CH341A, kifaa cha bei ndogo chenye klipu. Muulize mambo mawili kabla hajagusa. Je, chipu yako ni ya volti 3.3 au 1.8? Ile ya 1.8 inahitaji adapta, bila hiyo inaweza kuungua. Na je, atasoma na kuhifadhi kilichomo kabla ya kufuta? Kwenye bodi nyingi anwani ya MAC (utambulisho wa bodi kwenye mtandao) na namba ya serial ya bodi zimo humo humo. Kama faili ni la ASUS lenye .CAP, lazima aondoe kile kichwa cha mwanzo, la sivyo ataandika vizuri kabisa na mashine haitawaka.

Ikishawaka, ingia kwenye BIOS tena kabla ya kufunga kesi ya kompyuta. Mipangilio yote imefutika, kwa hiyo ramu uliyoinunua ya 3200 inatembea taratibu mpaka uwashe upya XMP, mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili. Kama diski ilikuwa na Windows yenye BitLocker (kufuli la data za diski), itakudai ufunguo wa tarakimu 48, nao huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na safari nyingine ukisasisha, UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika) inatosha, kwa sababu mashine ikiwa ndani ya BIOS haili umeme mwingi.