Mkali aliangalia, mpole akapita

Wiki hii mmeuliza: "Je, lugha kali ya wakunga ndiyo inayowafanya akina mama waogope kujifungulia hospitali?" Nilitaka kujibu hapana na kuendelea na shughuli zangu, ila swali limenichoma. Lugha kali tunaisikia, tunaisimulia saluni, tunaicheka. Mimi kinachonitisha ni kile ambacho mkunga ameshakiamua kabla hajafungua kinywa: huyu mzoefu, huyu katoto kamejitakia, wa Kusini wagumu, wa Pwani wanadeka. Hayo hayasikiki, kwa hiyo hakuna anayeyaandikia karatasi ya sanduku la maoni.

Niwape la wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Newala, kule Kusini, mimba ya pili. Ni mtu ambaye mafuta ya moto yakimrukia jikoni anasema "aa" tu na kuendelea kukaanga. Uchungu ulipoanza usiku tulipanda bajaji kutoka Tandika hadi hospitali ya serikali ambayo siitaji jina, na kapu letu: khanga, glovu, pamba, beseni, mpira wa kutandika, chupa ya chai. (Kisera kujifungua ni bure. Kapu si bure, ila hilo liwe swali la wiki nyingine.) Mimi niliachwa kwenye benchi nje ya leba, lakini chupa ya chai ina kazi nyingi. Kila mlinzi akigeuka, naingia "kupeleka chai".

Ndani walikuwepo wakunga wawili. Mmoja mtu mzima, ana sauti ya mnadani Feri, sokoni kwa samaki. Mwingine kijana, mpole hadi raha, kila mzazi kwake ni "mama yangu". Kitanda cha jirani alilala binti, kwa kumtazama hata miaka ishirini hajafika, analia na kumwita mama yake. Yule mtu mzima akamtupia kauli ambayo wanawake wa mji huu tunaijua: "Siku ile mbona hukulia?" Wodi ikawa kimya.

Wifi alilala ubavu, kashika ukingo wa kitanda, anapumulia puani. Mpole alipita, akamtazama usoni, akasema, "Bado sana mama yangu, pumzika, ukiwa tayari utajua mwenyewe." Tumbo hakuligusa. Akapita tena, akatabasamu tena. Nikamwuliza, "Sista, ameshapimwa?" Akanijibu kwa adabu zote kwamba mwenye uchungu wa kweli hatulii hivi, na wenyeji wa kule anawajua, ni wavumilivu, watoto wao hawasumbui. Alivyolisema, ungeweza hata kumshukuru.

Mimi si mkunga, lakini nimekaa kliniki kiasi cha kujua kwamba uchungu haupimwi kwa sura. Mkono unawekwa tumboni kuhesabu linakaza mara ngapi ndani ya dakika 10. Uchungu ukishakolea, moyo wa mtoto unasikilizwa angalau kila nusu saa na njia inapimwa kila saa nne, au mapema kukiwa na sababu, na yote yanachorwa kwenye patografu, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu unavyokwenda. Karatasi ile haina sehemu ya kujaza mama amepiga kelele kiasi gani. Tena uzao wa pili unaweza kwenda mbio.

Aliyemwona ni mkali. Alikuwa anakwenda kunawa, akasimama. "Huyu kapimwa lini?" Hakujibiwa. Akaweka mkono, akavaa glovu, akafoka, "Kichwa hiki hapa! We mama, mbona umenyamaza?" Mtoto alitoka muda si mrefu, wa kike, mzima, analia kumshinda mama yake.

Tangu hapo, mazungumzo ya wakunga yakizuka, mimi ni wakili wa wakali. Afoke, mradi anaangalia. Ndivyo nilivyokusudia kuwaandikia. Ila nilipofika hapa nilimpigia wifi nipate uhakika wa mambo mawili matatu, nikamwuliza kwa nini hakumwita mtu. Akasema, "Niite nani, wifi? Si ulisikia alichoambiwa yule binti?"

Basi hoja yangu imelegea. Aliyemwona ndiye aliyemziba mdomo, na mpole akauchukua ule ukimya kuwa ni ugumu wa watu wa Newala.

Nao wanawake wengine ni hivyo hivyo, hospitalini wananyamaza, wakifika nyumbani wanasema. Kuna utafiti wa hospitali moja kubwa ya hapa Dar, uliochapishwa mwaka 2016: walioulizwa saa chache tu baada ya kujifungua, asilimia 15 walisema walitendewa vibaya, kundi dogo lililofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, asilimia 70. Na huku kumhukumu mgonjwa kwa asili yake, tusidhani ni sisi peke yetu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kilikuta kama nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari walio bado mafunzoni, wote weupe, waliohojiwa wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya weusi, kwa mfano kwamba ngozi zao ni nene zaidi. Sisi hapa tunatumia mkoa, umri, na khanga uliyojifunga.

Wakunga watanijibu kwamba nawaonea, na wana haki yao. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na kazi hiyo wamebeba wao, usiku, vitanda vimejaa.

Kwa hiyo, mkinibana: ndiyo, lugha kali inatisha, ingawa kwa wifi haikumfukuza hospitali, ilimnyamazisha akiwa kitandani. Wengine huenda inawafukuza, siwezi kuwasemea. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linapendekeza mzazi awe na mtu wake aliyemchagua pembeni, na wodi isiyo na mapazia sijui italiwezaje hilo. Hata hivyo mimba ya tatu ikija nitaomba zamu iwe ya yule yule mkali, na mimi niruhusiwe kukaa ndani bila chupa ya chai.