Hodi Kwanza, Kamera Baadaye

Swali lenu la wiki hii: mmekubaliana deti ya kwanza iwe ya vidio, mtu ajiandaeje, na adabu yake ni ipi? Wengi watakimbilia mavazi. Hayo ni madogo: vaa nguo safi ya rangi moja, kwa sababu mistari myembamba hutetemeka kwenye kamera, na suruali pia uvae, maana mlango ukigongwa utainuka. Kubwa ni kwamba kupiga vidio ni kumtembelea mtu nyumbani kwake na kumkaribisha kwako, dakika ileile. Na nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi.

Hodi yenyewe ni ujumbe mfupi. Hata kama mmeandikiana mwezi mzima, usipige vidio ya ghafla. Taja siku, saa, muda mtakaokaa, programu mtakayotumia na nani atapiga. Kwenye saa ndipo Wanairobi hujikwaa: "tuongee saa mbili" kwa mmoja ni usiku baada ya chakula, kwa mwingine anayehesabu saa kwa Kiingereza ni alasiri. Andika 20:00, ubishi uishe. Mwenzako akiwa ng'ambo, kumbuka kwamba saa za Kenya hazibadiliki mwaka mzima ila za kwao hubadilika. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa joto. New York ni saa 8 na saa 7. Waingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Wamarekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo miezi hiyo thibitisha upya. Aliye Doha au Riyadh hana hesabu, saa yake ni yetu.

Dakika 45 zinatosha kwa mara ya kwanza. Zoom ya bure hukata kikao dakika ya 40, na kwa watu wasiojuana huo si ubaya hata kidogo. Programu inayotumia kiungo badala ya namba ya simu ina faida nyingine: namba hapa kwetu hufungua mambo mengi, na si lazima uyafungue yote siku ya kwanza.

Sasa bando. Katika simu ya kawaida anayepiga ndiye anayelipa. Kwenye vidio kila mmoja hula bando lake, kwa hiyo kumwalika mtu ni kumtoza. Picha nzuri ya kawaida huhitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde kila upande. Ukijumlisha pande zote mbili, ukagawa kwa 8 (biti 8 ni baiti moja) na kuzidisha kwa sekunde 60, unapata takriban MB 9 kwa dakika, au MB 540 kwa saa. GB 1 inakutosha na kusalia. Jihadhari na bando la saa moja: ukilinunua saa 1:40 usiku ili ujaribu mtandao, litakukatikia saa 2:40, katikati ya sentensi. Mwenzako akionekana kubana matumizi, zima picha wewe kwanza na upendekeze mwendelee kwa sauti. Kumtumia bando mtu usiyemjua vizuri ni jambo la kuuliza kwanza. Wengine hushukuru, wengine huona umewapima mfuko.

Ukiwa na waifai, pima kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake. Kupakia ndiko kunakopeleka uso wako kwake, na chini ya megabiti 1 kwa sekunde utaganda. Katika ploti yenye waifai ya pamoja, kati ya saa 2 na saa 4 usiku kila nyumba inatazama kitu, basi labda Jumamosi saa 10 alasiri ni bora. Masafa ya waifai ya gigahazi 5 yana kasi lakini kuta zetu za mawe huyazuia. Ukiwa chumba cha pili kutoka kwenye ruta, yale ya 2.4 hupenya vizuri zaidi. Stima ikipotea ruta huzima nayo, hata simu ikiwa na chaji, kwa hiyo tazama tokeni kwenye mita mapema na uwe na bando la akiba. Chaji simu kabla. Kuchaji huku vidio inaendelea huipasha moto, na simu ikipata moto hufifisha skrini na picha huanza kukwama. Mwisho, simu ya kawaida ikiingia inaweza kuisimamisha vidio. Weka hali ya ndege, kisha washa waifai.

Mwanga ndio unaostahili muda wako. Watu wengi huketi na dirisha mgongoni, kamera ikapima mwanga wa nje na kumgeuza mtu kivuli. Geuka, dirisha likutazame usoni. Nairobi jua huzama kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa 1 kasoro, mwaka mzima, kwa hiyo deti ya saa 11 jioni ina taa ya bure. Usiku, balbu moja ya darini huchimba mashimo chini ya macho. Weka taa ndogo nyuma ya simu, ielekee ukutani ili mwanga ukurudie kwa upole. Kisha jambo ambalo maelezo ya kigeni hulisahau: sisi wenye ngozi nyeusi tukiketi mbele ya ukuta mweupe, kamera hujaribu kupunguza weupe huo na uso unazama gizani. Tundika leso au pazia la rangi ya wastani nyuma yako. Ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha ya kompyuta, huenda kamera imewekwa kwa umeme wa hezi 60. Wetu ni wa 50, badilisha kwenye mipangilio. Na futa lenzi. Mafuta ya vidole huleta ukungu ambao watu huulaumu mtandao.

Panga vitabu au pakiti za unga mpaka jicho la kamera lilingane na macho yako, simu ikisimama wima. Ikilala nyuma, mwenzako ataona matundu ya pua na dari. Kaa umbali wa sentimita 60 hivi, maana ukikaribia zaidi lenzi hupanua pua.

Kwa sauti, hedifoni za waya zenye maikrofoni, hata za bei ya chini, huishinda spika ya simu kwa sababu hazirudishi mwangwi. Chumba cha vigae kisicho na samani huvuma. Kitanda na mapazia hukituliza. Mvua ikipiga mabati hakuna dawa, ahirisheni. Ijumaa usiku ulizia kama jirani ana kesha.

Mkianza, jifunze kungoja. Sauti huchelewa njiani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, na katika mtandao dhaifu huzidi. Ndipo wawili huanza kusema pamoja, wote wakanyamaza, kisha wakaanza tena pamoja. Mwenzako akimaliza, hesabu moja kimoyomoyo ndipo ujibu. Anayekatizwa mara tatu hafikirii milisekunde, anafikiri huna adabu. Unapozungumza, tazama lenzi. Anapozungumza, tazama uso wake.

Ukiwa na mtu bedsita, sema. Kumficha rafiki pembeni anasikiliza ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kuchelewa. Mama akipita nyuma, msalimuni na mwendelee. Chai ni sawa, krispi hapana, zinapasuka kwenye maikrofoni kama kuni.

Kupiga picha ya skrini au kurekodi huombwa kwanza. Kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Ukishuku kwamba uso unaouona si wake, mwombe ageuke upande na apitishe mkono mbele ya uso. Hila za kompyuta huweza kukwama hapo. Akianza habari za pesa, deti imeisha.

Simu ikikatika, aliyepiga ndiye hupiga tena, baada ya dakika moja, ili msipigiane kwa pamoja na kukutana na laini iliyo bize. Ikikatika mara ya tatu, hamieni kwenye sauti. Usisingizie mtandao ukichoka. Sema dakika tano kabla kwamba utaondoka. Mkishaagana, ishike simu ikikutazama mpaka picha yake ipotee kabisa, ndipo umsimulie mwenzako wa chumbani ulivyomwona.