Kabla hamjauza shamba kwa ajili ya sindano ya kinga

Juzi usiku, madaftari ya wanafunzi yakiwa bado mezani, dada mmoja wa Chake Chake alinitumia ujumbe. Baba yake alipasuliwa uvimbe wa ubongo mwaka jana, akapigwa mionzi, akapata nafuu, na sasa picha ya MRI inaonesha umerudi. Wakala wa hospitali ya nje amewaambia ipo tiba ya kinga, "dawa mpya, iko kwenye majaribio", na watangulize nusu ya fedha kabla mwezi haujaisha. Akaniuliza: "Dada, tuuze mikarafuu?"

Sikulala. Swali hilo hilo liliulizwa ukumbini kwetu Wete mwaka 2022, na aliyelijibu ni mimi.

Kaka yangu alikuwa seremala. Alianza kusahau vipimo vya mbao, kisha mkono wa kulia ukawa mzito, kisha Ijumaa moja kifafa kikamwangusha mlangoni mwa msikiti. Wapo waliosema ni jini, na wiki tatu zikapotea hapo. Sitaki kulizungumza zaidi. Boti, Unguja, Dar, upasuaji, majibu ya maabara: glioblastoma, saratani kali ya ubongo, daraja la nne. Kisha mionzi mara 30 kwa wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya kuua seli za saratani. Utaratibu huo ndio unaofuatwa duniani tangu 2005. Katika utafiti ulioujenga, nusu ya waliopata mionzi na vidonge walikuwa wameshafariki kufikia miezi 14.6, kwa waliopata mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Hesabu hiyo niliitafuta mwenyewe usiku, kwa simu, nikiwa nje ya wodi. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na nilidhani kusoma kutanilinda.

Baada ya miezi minane uvimbe ukarudi. Hapo ndipo wakala alipotokea na kwetu, mtu wa adabu na sauti ya upole. Alisema dawa yake inafungua breki za kinga ya mwili, na hilo ni kweli. Seli T, askari wa damu yetu, zina protini iitwayo PD-1. Saratani ikiigusa, askari hutulia kama aliyeambiwa kuwa adui ni jamaa yake. Dawa kama nivolumabu na pembrolizumabu huuzuia mguso huo. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel mwaka 2018 kwa kazi iliyofungua njia hii, na wapo wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, na wa saratani ya mapafu waliopata miaka ya kuishi kwa sababu yake.

Lakini kaka hakuwa na melanoma. Niliendelea kusoma mpaka nikalikuta jaribio liitwalo CheckMate 143. Wagonjwa 369 waliorudiwa na glioblastoma waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa nivolumabu, wengine bevasizumabu, dawa isiyofungua breki za kinga bali huzuia mishipa ya damu inayoulisha uvimbe. Nusu ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki kufikia miezi 9.8, nusu ya kundi la pili kufikia miezi 10.0. Dawa ya kinga haikuwaongezea kitu. Matokeo yalichapishwa 2020, miaka miwili kabla yule bwana hajaketi kwenye mkeka wetu akanywa kahawa yetu na kutuomba maelfu ya dola kwa dawa ya jamii ile ile.

Nikamuuliza mambo matatu tu. Jaribio lako limesajiliwa kwa namba gani? Mgonjwa anaingia awamu ya ngapi? Na kwa nini tulipe sisi, ilhali kwa kawaida dawa inayojaribiwa hulipiwa na anayefanya utafiti? Namba hakuwa nayo. Namba za majaribio yaliyoandikishwa kwenye daftari la Marekani huanza na herufi NCT na tarakimu nane, na Afrika tunalo letu, la PACTR. Mtu yeyote anaweza kutafuta humo bure. Siku ya pili hakupokea tena simu. Nasema wazi kwamba nilijivuna. Ami yangu yeye alisema nimemfungia kaka mlango wa tiba, na mpaka leo tunasalimiana tu.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya baada ya ushindi huo, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nilitafuta jaribio la kweli, lenye namba, nchi ya mbali. Nikaandika, wakanijibu vizuri, wakatuma orodha ya masharti. Kaka aliyatimiza yote isipokuwa moja: mgonjwa asiwe anatumia zaidi ya miligramu 4 za deksamethasoni kwa siku. Yeye alikuwa kwenye 8. Dawa hiyo hupunguza uvimbe unaouzunguka ugonjwa, ndiyo inayomfanya mgonjwa aweze kusimama na kuzungumza. Lakini pia huzinyamazisha seli T zile zile ambazo tiba ya kinga inataka kuziamsha. Ndiyo maana majaribio mengi huiwekea kikomo.

Nikampunguzia mimi. Sikumuuliza daktari. Nilimwambia kaka, "Vumilia siku chache, tupate nafasi," naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Usiku wa pili akaanza kutapika. Alfajiri hakuweza kuinua kichwa, na mkewe akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Tulimkimbiza hospitali, wakamrudishia kipimo chake na cha ziada. Jaribio tukaliacha. Alifariki nyumbani Mfungo Pili, na sijui kama siku zile mbili zilimpunguzia kitu. Najua tu kwamba zilimwumiza, na aliyemwumiza ni mimi.

Ndugu zangu, msiguse vidonge vya deksamethasoni bila daktari. Narudia: msiviguse. Ukiambiwa dozi ni kikwazo, mpelekee daktari barua ya watafiti, aone yeye kama inapunguzika na kwa hatua gani.

Na mkisikia neno majaribio, ulizeni waliojaribiwa ni wangapi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya wagonjwa 35 waliorudiwa na ugonjwa huu. Waliopewa pembrolizumabu kabla ya upasuaji na baada yake, nusu yao walifika miezi 13.7, walioipata baada ya upasuaji tu, miezi 7.5. Inatia moyo, lakini ni watu 35, wanaenea daladala mbili. Machi 2024 Boston walitangaza habari za wagonjwa watatu waliowekewa ndani ya kichwa seli T zao wenyewe zilizotengenezwa upya maabara. Uvimbe ulisinyaa ndani ya siku chache tu. Kwa wawili ukarudi. Niliposoma habari ile nililia, kwa furaha na kwa uchungu, maana inaonesha kuwa ukuta unatoboka. Ila mtu akikuonesha picha ya uvimbe uliosinyaa, muulize picha ya miezi sita baadaye iko wapi.

Tatizo letu ni kuona haya kuuliza. Tunamwona daktari kama mufti na wakala kama mjumbe wake. Tunatia saini karatasi ya ridhaa bila kuisoma, kisha tunasema ni kudra. Kudra ya Mungu haikutukataza kuuliza! Dua ziendelee, hitma isomwe, na namba ya jaribio iulizwe. Mzee akiwa bado na kauli yake, aulizwe yeye kwanza anataka nini, kabla ya ami, kabla ya watoto, kabla ya mimi na simu yangu. Kaka hatukumuuliza. Tulikuwa tunamjadili ukumbini naye yuko chumba cha pili, anasikia.

Mdogo wangu wa Chake, mikarafuu iacheni ilipo kwa wiki hii. Muombe wakala namba ya usajili kwa maandishi. Kisha niandikie baba anameza miligramu ngapi za deksamethasoni kwa siku na MRI ya mwisho ni ya tarehe gani, kwani hayo ndiyo watafiti huuliza mapema. Na kama anaweza kuzungumza, mkae naye leo baada ya magharibi, peke yenu, mumuulize.