Buti la mtumba namba 43 kwa mguu wa 42, la kupandia Mlima Rungwe

Mkuu, umeuliza kama uchukue hilo buti namba 43 uliloliona pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, wakati kila siku unavaa 42. Huenda likakufaa, ila namba peke yake isikudanganye. Namba moja ya Ulaya ni kama milimita 7 tu, na kila kiwanda kina kalibu zake.

Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Vaa soksi nene utakazopandia, simama juu ya karatasi, weka alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu. Pima miguu yote miwili, ufuate mkubwa. Kisha toa soli ya ndani ya buti uikanyage: mbele ya vidole ibaki sentimita 1 hadi 1.5.

Sasa livae bila kufunga kamba, sukuma vidole mpaka mbele. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Vikipita viwili, liache. Funga kamba utembee: kisigino kikipanda na kushuka, malengelenge hayaepukiki.

Jaribio kubwa ni kushuka ngazi. Watu hufikiria kupanda tu, kumbe kucha hung'oka wakati wa kushuka, kwa sababu vidole vinagonga mbele.

Na kwa kuwa ni mtumba, kunja soli na ubonyeze tabaka laini la katikati kwa kucha. Likimong'onyoka, usinunue hata kwa bei ya bure. Hapo gundi ya fundi haisaidii.