Maswali na majibu: haki za kazini, mjini hadi mwaloni

*Redioni wanasema wachumi wa Marekani waligundua kuwa kupandisha kima cha chini cha mshahara hakupunguzi ajira. Ni kweli? (Mwanafunzi, Malimbe)*

Ni utafiti wa David Card na Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton, uliochapishwa mwaka 1994. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha. Walilinganisha migahawa 410 ya pande zote mbili, kabla na baada, na hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Wapo wachumi waliowapinga. Usiyachukue majibu yao mzimamzima ukayaleta Nyakato, hapa Mwanza. Igeni namna yao ya kuhesabu.

*Tunavua dagaa kwa mtumbwi wa tajiri, hatuna mkataba. Akishatoa gharama za mafuta na chakula tunagawana kinachobaki. Anasema sisi si waajiriwa wake. (Mvuvi, Kirumba)*

Kaka, msikubali haraka hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: saa zake kupangwa na mwingine, kupewa vifaa vya kazi, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, au kumfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Sasa tazameni kazi yenu. Mtumbwi, injini, taa na nyavu ni vya tajiri, na yeye ndiye anayeamua giza likiingia mnatoka lini na mnashushia mwalo gani. Tajiri anaweza kudai ni ubia, kwa hiyo jiwekeeni ushahidi. Nunueni daftari. Kila asubuhi andikeni ndoo zilizoshushwa, bei, mafuta yaliyokatwa na kilichofika mkononi mwa kila mmoja. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mtakuwa na cha kuonyesha.

*Nimerudi kiwanda cha minofu baada ya uzazi. Msimamizi anasema nikienda kunyonyesha, saa hizo zinakatwa. (Mama, Igogo)*

Hana haki hiyo, dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Najua kuvua buti na aproni, kunawa, kutoka getini na kurudi kwenye laini kunakula muda, kwa hiyo muombe mpangilio kwa maandishi, ubaki na nakala. Akikuachisha kazi kwa hilo, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume. Inaniuma kuona akina mama wakikaa kimya hadi siku hizo zinapita.

*Mimi ni baba, mke wangu kajifungua juzi. Napata siku ngapi? (Buhongwa)*

Angalau siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Omba leo.

*Mtafiti wa chuo anataka kunihoji kuhusu mshahara wangu. Nikubali? (Muuza duka, Mabatini)*

Muulize ametoka chuo gani, majibu yatatunzwa wapi na kama jina lako litaandikwa. Asipokueleza vizuri, kataa. Akikueleza, mwambie yote, hata kodi ya chumba na ada ya watoto.