Talaka ya simu haivunji ndoa mbele ya sheria

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya Kiislamu Ujiji mwaka 2013, na cheti ninacho. Naanika dagaa Kibirizi, yeye ana mtumbwi na mashine. Mwaka jana alihamia Buzebazeba kwa mwanamke mwingine. Mwezi uliopita akanitumia ujumbe kwenye simu: "Nimekuacha talaka tatu, rudi kwenu." Siku chache baadaye shemeji zangu wawili walifika hapa Gungu wakaniambia nihame, eti nyumba ni ya kaka yao kwa kuwa karatasi za kiwanja zina jina lake. Ni kweli kiwanja alinunua yeye, lakini saruji na mabati sehemu kubwa ilitokana na dagaa wangu. Watoto ni wawili, wa miaka 10 na 4. Mjumbe anasema niende Ustawi wa Jamii, jirani anasema niende mahakamani moja kwa moja, mama yangu anasema ninyamaze nimwachie Mungu. Na je, inawezekana kutengana tu bila talaka? (Mama wa wawili, Gungu, Kigoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame.

Naanza na hilo kwa sababu nimewaona wanawake wengi hapa mjini wakifunga mizigo kwa neno la shemeji, kisha wanahangaika miaka kudai nyumba waliyotoka kwa miguu yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa inaendelea kuwepo mpaka mmoja wenu afariki au mahakama itoe amri ya kuivunja. Ujumbe wa simu si amri ya mahakama. Kwamba talaka hiyo imesihi kidini au haikusihi, na eda ihesabiwe tangu lini, kamuulize sheikh wako; hayo yana wenyewe. Ila mbele ya sheria ya nchi, mpaka leo wewe ni mke wa mtu, na hiyo ni nyumba yako ya ndoa. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuishi humo, na inamkataza mumeo kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Shemeji zako hawana mamlaka yoyote hapo. Wakirudi kwa vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi siku hiyo hiyo, usingoje mpaka mtu aumie. Na ule ujumbe usiufute, hata ukikuchoma moyo kila ukiuona.

Sasa hao washauri wako watatu. Anayekupeleka mahakamani moja kwa moja anakupeleka kugonga mwamba. Anayeomba talaka sharti kwanza apeleke mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kuna la kata, na kuna mabaraza ya jumuiya za dini yanayotambuliwa, kama lile la BAKWATA kwa Waislamu. La kata ni la kata anayoishi mume, kwa hiyo kwako ni Buzebazeba, si Gungu. Mkiwa wote wawili ni Waislamu, baraza la jumuiya yenu linafaa, na kwa ndoa kama yako ndilo ningelianza nalo. Ustawi wa Jamii ni mlango mzuri kwa matunzo ya watoto, nenda, lakini usitoke pale ukidhani umemaliza habari ya Baraza.

Baraza litawaita wote wawili. Mkipatana, alhamdulillahi, wapo wanaopatana. Mkishindwa kupatana, au akiitwa akagoma kuja, Baraza linaandika hati inayoeleza lilichokiona na kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Hapa naomba uwe na macho makali. Kabla hujaondoka mezani, isome hati neno kwa neno. Majina yenu yawe kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe iwepo, sahihi na muhuri viwepo, na yawepo maneno yanayosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Nimeshika kwa mkono wangu hati iliyoandikwa "Baraza limeridhia mume atoe talaka", basi. Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa, na karatasi ya namna hiyo inaweza kuangusha kesi nzima, hata kama umeshinda chini na umefika kwenye rufaa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri ya talaka kwa sababu tu hatua ya Baraza haikufuatwa. Jambo la pili ni muda: siku unapofungua shauri, hati iwe haijazidi miezi sita tangu itolewe. Usiiweke kabatini ukisubiri msimu mzuri wa dagaa.

Sheria inawaachia wachache wapite bila Baraza, kama yule aliyetelekezwa na hajui mwenzake alipo, au ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi. Wako yupo Buzebazeba, kwa hiyo hilo halikuhusu.

Hati ikishakuwa mkononi, nenda Mahakama ya Mwanzo. Kila kitu huko ni Kiswahili na mwanamke anaweza kusimama mwenyewe. Tafuta msaidizi wa kisheria akusaidie kuandika madai. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hao wanatambulika rasmi, na msaada wao ni bure. Mahakama haitauliza nani mbaya kuliko mwenzake. Itauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kipigo, ukatili wa maneno, zinaa, kutelekezwa kwa makusudi, vyote ni ushahidi. Kwa ndoa ya Kiislamu kuna njia nyingine: Baraza likishashindwa, kisha mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inaweza kulichukua hilo na kutoa amri ya talaka. Angalia mpangilio wake. Baraza linatangulia, talaka inafuata, mahakama inamalizia. Mumeo ameanzia katikati.

Tuje kwenye nyumba, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Jina kwenye karatasi halimalizi hoja. Linaifanya mahakama ianze kwa kudhani mali ni ya mwenye jina, na wewe unaruhusiwa kuonyesha vingine. Wakati wa talaka mahakama inagawa mali mliyochuma pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni mliyokopa kwa faida yenu wote, na mahitaji ya watoto. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kwa hiyo hata mwanamke ambaye hajawahi kuuza kisado cha dagaa hasimami mikono mitupu. Lakini usidanganywe kwamba ni nusu kwa nusu papo hapo. Mahakama inaelemea kwenye usawa, ila kipimo ni ushahidi.

Basi ukusanye leo. Daftari unaloandika magunia uliyouza na bei yake, hata kama limelowa na linanuka dagaa, ni ushahidi. Miamala ya simu siku ulizomlipa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, fundi aliyepaua, mwenzako wa chanja aliyekukopesha fedha ya mabati, wote hao ni mashahidi wako. Waombe mapema, kumbukumbu za watu hupotea. Na usiusahau mtumbwi na mashine yake. Wanawake wengi wa mwaloni wanapigania nyumba na kuacha chombo kilichoijenga, na chombo ni rahisi kuuzwa usiku kikavuka ziwa. Ukisikia nyumba inatafutiwa mteja, wahi ofisi ya ardhi uombe kuweka zuio.

Watoto: aliye chini ya miaka 7 sheria inadhani ni bora akae na mama, mpaka ithibitishwe vingine. Wa miaka 10 anaweza kusikilizwa anataka kukaa na nani. Kwa wote wawili kinachotangulia ni maslahi yao. Na popote watakapokaa, baba anawajibika kuwatunza. Asikuambie "ukiwachukua walishe mwenyewe".

Kutengana bila talaka kupo. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana. Hamlazimiki tena kuishi pamoja, lakini ndoa inabaki, hakuna anayehesabiwa kuwa ameachika. Sharti la hati ya Baraza sheria imeliweka kwa anayeomba talaka, si kwa anayeomba kutengana. Kwa mwanamke anayehitaji nafasi ya kupumua, kutengana huko ni jambo jema. Kwako, mwenye mume aliyekwisha kuhama na ndugu wanaotaka funguo, naona kungekuacha njia panda. Lakini ndoa ni yako, uamuzi ni wako.

SWALI: Nimeoa kimila hapa Kasulu, miezi minane tu, mke amerudi kwao. Nilitoa mahari ng'ombe wawili na fedha. Wazee wa pande zote wamekaa, wakasema tuachane na ng'ombe mmoja arudi. Je, tumeachana? (Bwana wa Kasulu)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ndoa ya kimila ni ndoa kamili, na wazee nao hawana uwezo wa kuivunja. Kurudisha ng'ombe hakuwaachanishi, na kutomrudisha hakumfungi mkeo. Tena ndoa haijafika miaka miwili. Ndani ya muda huo huwezi kufungua shauri la talaka mpaka mahakama ikupe kibali maalumu, na inakitoa pale tu unapoonyesha kwamba unapata taabu isiyo ya kawaida. Lakini Barazani mnaweza kwenda hata kesho, na ningewashauri muende. Barua yako imeeleza vizuri habari ya ng'ombe, ila haina hata mstari mmoja unaosema kwa nini mkeo aliondoka. Baraza litakuuliza hilo kabla ya lolote, na yeye atakuwa amekaa hapo hapo anasikiliza.